Mtoto Huyu Anakula Mara Ngapi?

Mkoa wa Iringa haukuwa mkoa wa njaa. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu anapaswa kulijua kabla hajasikia habari za mizani, kadi na mikutano ya kijiji. Mahindi mengi yaliyolisha Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980 yalitoka kwetu na kwa wenzetu wa Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Baada ya mavuno vihenge vilijaa, na magunia yakapangwa barabarani kusubiri malori ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Ndani ya nyumba hizo hizo, watoto wa mwaka mmoja na miwili walikuwa wakidhoofika, na wengine tukiwazika. Tulishazoea. Ungeuliza, ungeambiwa ni surua, ni kuharisha, ni homa, au mtoto amebemendwa. Hakuna aliyetaja chakula, kwa sababu chakula kilikuwepo na kila mtu alikiona.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, mhudumu wa afya ya mama na mtoto katika zahanati moja ya wilaya ya Njombe, wakati ule ikiwa ndani ya mkoa wa Iringa. Mwaka 1974 serikali ilikuwa imeziunganisha huduma za wajawazito na za watoto wadogo ziwe mpango mmoja, na mwaka uliofuata ukaanza mpango wa taifa wa chanjo. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mamia ya kaya pamoja, na zahanati zikajengwa kwa haraka. Waliohitajika ni watu wa kuzihudumia. Wasichana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa mwaka mmoja na nusu: kupima mimba, kuzalisha, kuchanja, kupima uzito, kutoa ushauri wa uzazi wa majira. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimekulia kwenye kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, nikamsikia baba yangu akisomewa kitabu cha kampeni hiyo mbele ya redio pamoja na wanakikundi wenzake, kisha kesho yake akachimba choo. Basi nilikwenda chuoni nikiamini kwamba mtu akielezwa vizuri jambo linalohusu afya yake, atalitenda.

Kliniki yetu ya watoto ilikuwa siku mbili kwa wiki. Kina mama walianza kufika kabla jua halijapanda, wengine wametoka vitongoji vya mbali, mtoto mgongoni, mwingine anashikwa mkono, kadi imefungwa kwenye pembe ya kanga. Tulichanja kifua kikuu begani, tukatia matone ya polio mdomoni, tukachoma sindano ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na miezi tisa ikitimia, surua. Ninaisema surua mwisho, lakini ndiyo iliyotutia hofu kuliko zote. Ilipoingia kitongojini ilipita nyumba kwa nyumba, na mtoto aliyekuwa dhaifu tangu mwanzo hakuimudu.

Miaka ile ilikuwa migumu. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na nchi ikabaki bila fedha za kigeni. Mafuta ya petroli yalikuwa ya kugawiwa, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Jokofu letu la chanjo liliwaka kwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa yakikosekana, chanjo ziliharibika. Mganga msaidizi wetu alikuwa akiwapitia wenye maduka jioni, mmoja mmoja, akiomba lita mbili za kuokoa dozi za mwezi mzima. Alikuwa mtu mpole asiyependa kuomba hata chumvi, lakini kwa ajili ya jokofu lile aliomba.

Kuhusu mizani, tuliifanya kazi kama tulivyofundishwa. Mizani ya kuning'iniza ilifungwa kwenye boriti ya baraza, mtoto akavalishwa kisuruali chake cha kitambaa, akalia, nikasoma kilo, nikaweka nukta kwenye kadi. Kadi ilikuwa na rangi. Kijani ni uzito wa kuridhisha. Kijivu ni uzito uliopungua. Nyekundu ni hatari, maana yake mtoto hafikii hata asilimia 60 ya uzito anaostahili kuwa nao kwa umri wake. Nukta ikiangukia nyekundu, tulimwambia mama: mpe mtoto mayai, maziwa, maharage, karanga. Mama aliitikia, "Ndiyo, nesi," akaondoka. Mwezi uliofuata nukta ilikuwa imeshuka zaidi, au mama hakuonekana tena.

Siwezi kuwalaumu wale kina mama, na hata wakati ule nilianza kuwaelewa. Kwetu, mtoto anayekonda hovyo husemwa amebemendwa, yaani wazazi wamelala pamoja kabla ya wakati wake na maziwa yameharibika. Kadi nyekundu mkononi mwa mama ilikuwa ni hati ya mashtaka. Wifi zake waliiona, mama mkwe aliiona. Mwanamke aliyekuwa akiamka saa kumi usiku, akachota maji, akatafuta kuni, akalima hadi alasiri, akarudi kutwanga na kupika, alisimama mbele yangu akiwa mshitakiwa, nami nikamsomea orodha ya vyakula yenye mayai, ilhali kuku wake wa kuyataga alikuwa ameuzwa kununulia sare za shule.

Mwaka 1984 ndipo mpango wa lishe ulipoingia vijijini kwetu. Uliandaliwa na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, fedha zikitoka Italia, na Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ikatoa wataalamu. Walianza na vijiji 168 vya mkoa, na cha kwetu kilikuwemo. Nilitarajia yatakuja maziwa ya unga, kama yalivyokuwa yakija misheni. Hayakuja. Ilikuja filamu, ikaonyeshwa usiku uwanjani kwenye shuka jeupe, kijiji kizima kimekaa chini. Ilionyesha watoto wa mkoani mwetu wenyewe, na njaa iliyojificha kwenye nyumba zenye mahindi. Kulikuwa kimya kabisa. Watu walizoea kuona utapiamlo wa Biafra au Ethiopia, na sasa walimwona mtoto aliyefanana na wa jirani.

Kisha ikatangazwa Siku ya Afya ya Kijiji, kila baada ya miezi mitatu. Mizani ikatoka barazani kwangu ikaenda kuning'inizwa kwenye mwembe mbele ya ofisi ya kijiji. Watoto wote wenye umri chini ya miaka mitano walipaswa kuletwa, si wale tu ambao mama zao huja kliniki. Hapo ndipo nilipowaona watoto ambao sikuwahi kuwaona: wa mama walioachwa, wa mabinti waliozalia nyumbani, wa kitongoji cha mtoni, mapacha wanaolelewa na bibi asiyeona vizuri. Ningekaa zahanati miaka 20 nisingewaona, na hao ndio waliokuwa wanakufa.

Jambo lililobadilisha kila kitu lilitokea baada ya kupima. Idadi haikupelekwa wilayani kwanza. Ilisomwa pale pale, kwa halmashauri ya kijiji. Watoto wangapi wamepimwa, wangapi wako kijani, wangapi kijivu, wangapi nyekundu, wangapi wamekufa tangu siku ya afya iliyopita, kitongoji kwa kitongoji. Halafu ikaulizwa: kwa nini?

Nakumbuka kikao cha kwanza. Ndugu Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima, mpiganaji wa zamani wa TANU, na alianza kama wote tulivyotarajia, kwamba kina mama wa siku hizi ni wavivu. Mmoja wa wahudumu wa afya wa kijiji, kijana ambaye kijiji chenyewe kilikuwa kimemchagua na kumpeleka mafunzoni, akaomba ruhusa kusema. Akauliza swali moja tu, tena kwa adabu: "Ndugu Mwenyekiti, mtoto huyu anakula mara ngapi kwa siku?"

Hakuna mwanamume aliyejua. Wakaitwa kina mama waliokuwa wamekaa nje. Wakajibu kwamba mtoto anakula watu wakubwa wanapokula: asubuhi kiporo kama kipo, na usiku ugali. Mchana mama yuko shambani, mtoto yuko na dada yake wa miaka saba. Usiku ugali ukiiva mtoto ameshalala.

Ndipo mazungumzo yalipogeuka. Hapakuwa tena na suala la mama mvivu wala la kubemenda. Kulikuwa na suala la saa. Shamba liko mbali kiasi gani? Maji yako mbali kiasi gani? Nani anatwanga? Mzee mmoja akasema, kwa hasira, kwamba mashine ya kusaga ya kijiji imekufa mwaka mzima na kamati iko kimya. Mwingine akataja ulanzi: msimu wa mianzi kutoa, vilabu hufunguliwa asubuhi, na wanaume wanaokwenda huko hawaonekani shambani hadi jioni. Yalisemwa mambo mazito siku ile, na sikuwa mimi niliyeyasema. Kama ningeyasema mimi, msichana wa miaka 20 na ushee mwenye gauni jeupe, wangenyamaza kwa heshima na kisha wasifanye lolote.

Katika miezi iliyofuata kijiji kilijiwekea sheria yake ndogo kwamba kilabu hakifunguliwi kabla ya saa tisa. Mashine ikatengenezwa. Wakati wa palizi na mavuno ikaanzishwa sehemu ya kulelea watoto mchana, awali chini ya mti, baadaye kwenye banda la udongo, na kila kaya ikatoa debe la mahindi na kiasi cha maharage au karanga kwa ajili ya uji. Wanawake wawili walipokezana kupika. Haikuwa nzuri siku zote. Kuna mwaka karanga hazikutolewa, na kuna mwaka wapishi walisusa kwa kutolipwa chochote, nao walikuwa na haki. Lakini watoto walikula mchana.

Nataka nikae kidogo kwenye uji, kwa sababu uji ndio uliotufundisha mengi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni kama ngumi yake. Uji mwepesi anaoweza kuumeza una maji mengi na unga kidogo, anashiba maji. Ukiongeza unga, uji unakuwa mzito, unamkaba, anaukataa. Mama anaona mtoto amekataa, anadhani ameshiba. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikuwa wakilifanyia kazi jambo hilo hilo, na kijiji cha Luganga, mkoani humo humo, ndiko walikofanyia majaribio. Jibu walilolikuta lilikuwa jikoni kwetu siku zote: kimea. Ulezi au mtama unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa na kusagwa. Kila mwanamke anayepika pombe anakijua. Ukipika uji mzito wa kusimamisha mwiko, ukauacha upoe kidogo, ukatia kijiko cha unga wa kimea na kukoroga, unalainika mbele ya macho yako, unamiminika, na unga wote uliomo umebaki humo humo. Mtoto anakunywa kikombe chenye nguvu ya vikombe viwili au zaidi.

Nilipowaonyesha kina mama kwa mara ya kwanza, bibi mmoja mpika pombe alisogea mbele, akanipokonya mwiko, akasema nimekiotesha vibaya, kimea changu ni kichanga mno. Akawafundisha yeye. Tangu siku ile somo la kimea lilikuwa la bibi yule na mimi nikawa msaidizi wake. Niliona jinsi wanawake walivyosimama tofauti walipomsikiliza. Kwa mara ya kwanza katika mambo ya kliniki, ujuzi ulikuwa wao.

Wahudumu wa afya wa kijiji walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Walitembelea nyumba zenye watoto wa nyekundu kila wiki, walifundisha kuchanganya maji, chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, walimshika mkono mjamzito aliyevimba miguu na kulalamikia kichwa wakamleta kwangu. Posho yao ilitoka kwenye mfuko wa kijiji, na kijiji kikikosa, wao walikosa. Ninasikitika hadi leo nikikumbuka jinsi watu wale walivyofanya kazi nzito namna ile kwa malipo ya kubahatisha, na jinsi waandishi wa ripoti walivyoita hali hiyo ushiriki wa wananchi. Ushiriki ulikuwepo kweli, lakini viatu vyao viliisha na hakuna aliyewanunulia vingine.

Je, mpango ulifaa? Mpango ulipoanza, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu, na kama sita katika kila mia walikuwa nyekundu. Kufikia mwaka 1988, wenye uzito pungufu walikuwa chini ya wanne katika kila kumi, na walioko nyekundu chini ya wawili katika mia. Hizi ni namba za mkoa. Katika kijiji chetu niliziona kwa namna nyingine: ilifika siku ya afya ambayo kina mama wa kitongoji cha mtoni walileta watoto wote na hakuna hata mmoja aliyekuwa nyekundu, na balozi wao wa nyumba kumi akadai isomwe mara ya pili ili wote wasikie.

Wageni walianza kuja. Kutoka Dar es Salaam, kutoka Nairobi, kutoka New York. Walitaka kuona jinsi kijiji kinavyopima, kinavyotafuta sababu na kinavyochukua hatua, kisha kinapima tena. Mwaka 1990 shirika la Umoja wa Mataifa la watoto lilitoa mkakati wake wa lishe wenye mchoro unaoonyesha kwamba mtoto hadhoofiki kwa kukosa chakula peke yake, bali pia kwa maradhi na kwa kukosa matunzo, na nyuma ya hayo kuna umaskini na namna jamii inavyogawana mali na kazi. Mchoro huo unafundishwa vyuoni dunia nzima. Mengi yaliyomo yalijaribiwa na kunolewa kwetu Iringa, kwenye mikutano ambako wazee walibishana kuhusu ulanzi na mashine ya kusaga.

Kisha fedha za mpango zikaisha. Haikuwa siku moja. Ilikuwa kidogo kidogo. Semina zilipungua, baiskeli za wahudumu hazikupata vipuri, msimamizi wa wilaya akahamishwa. Miaka ya 1990 ikaja uchangiaji wa gharama za matibabu, na ingawa wajawazito na watoto wadogo walisamehewa, watu wengi walisikia tu kwamba sasa hospitali ni pesa. Na ukaja UKIMWI, ugonjwa ambao kwa muda mrefu hatukuutaja jina. Wilaya ya Makete iliumia mno, nasi hatukuwa mbali. Kwenye kliniki zangu wakaanza kuja bibi wamebeba wajukuu, na kadi ilipouliza jina la mama, bibi alitikisa kichwa. Bibi wa miaka 65 analimaje, anapikaje mara nne kwa siku? Hakuna aliyeitisha kikao kuuliza hilo.

Mizani iliendelea. Hilo ndilo linaloniuma. Watoto waliendelea kupimwa kila mwezi, nukta zikaendelea kuwekwa, fomu zikajazwa na kupelekwa wilayani, kutoka wilayani mkoani, kutoka mkoani wizarani. Lakini namba hazikusomwa tena chini ya mwembe. Zilipaa juu moja kwa moja kama moshi wa jikoni, na kijiji hakikuziona. Nilistaafu nikiwa bado najaza fomu hizo, safi, kwa wakati, bila kosa, na sikumbuki ofisi yoyote iliyonirudishia swali.

Mwaka 2012 wilaya za Njombe, Makete na Ludewa zilikatwa zikawa mkoa wa Njombe. Na matokeo ya utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 yalipotoka, niliyasikia redioni nikiwa naosha vyombo. Nchi nzima, watoto watatu katika kila kumi wamedumaa. Iringa, zaidi ya nusu, wa kwanza katika nchi. Njombe, nusu. Mikoa yenye mahindi, viazi, maziwa, parachichi zinazopelekwa Ulaya.

Watu wengine husema kwamba takwimu hizo zinaonyesha mpango ule haukuwa na maana. Sikubaliani nao kabisa. Sisi tulipima uzito, hatukupima urefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mwili wa kuridhisha kwa kimo chake, anacheza, anacheka, na mama anajivunia. Ukimweka kwenye ubao wa urefu ndipo unaona ana kimo cha mtoto aliye mdogo kwake kwa mwaka mmoja. Huyu ndiye mtoto ambaye kadi yetu ya rangi tatu haikuweza kumwonyesha vizuri, na sababu zake ni zile zile tulizozisikia mwaka 1984: ugali mweupe mara mbili kwa siku, mama mjamzito anayelima hadi siku ya uchungu, kuharisha kusikokwisha, na mwanamke kukosa muda. Vifo tulivipunguza. Surua imekuwa ugonjwa ambao wauguzi vijana wengi hawajauona. Lakini kazi ya mama hatukuipunguza kiasi cha kutosha, na baada ya miaka michache hakuna aliyeiulizia.

Siku hizi nakwenda kliniki ya zahanati ile ile nikiwa bibi wa wajukuu. Jokofu ni la umeme wa jua. Ubao wa urefu upo, umesimamishwa ukutani, na muuguzi kijana anautumia vizuri, anamlaza mtoto aliye chini ya miaka miwili kama inavyotakiwa. Nilimuuliza, mwanangu, namba hizi unazipeleka wapi? Akanionyesha simu yake: anaziingiza kwenye mfumo. Nikamuuliza kama Mwenyekiti wa kijiji anazijua. Akasema, "Bibi, hajawahi kuja kuziulizia."

Nilikwenda kwa Mtendaji wa Kijiji. Nikamweleza kwamba lishe ya watoto inapaswa kuwa ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa kila robo mwaka, namba zisomwe kitongoji kwa kitongoji, wanaume wakiwepo, na maswali yaulizwe hapo hapo. Alinisikiliza vizuri, akaandika, akaniahidi kwamba suala hilo litaingizwa kwenye mengineyo. Nikamkatalia. Nimemwomba liwe la pili, mara tu baada ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, maana yakifika mengineyo watu huwa wameshasimama, na wanaume ndio wa kwanza kuondoka.